Babu niliyempachika mume wangu alizikwa akiwa na wiki tatu: kutafuta ukoo wa Uingereza wa miaka ya 1700 kwenye rejista za parokia

BintiPangani (mleta uzi)

Wakuu habari za mchana. Wakubwa shikamooni.

Mara ya mwisho nilipoandika humu nilisema nimeufikisha ukoo wa mume wangu, Mwingereza wa Yorkshire, hadi mwaka 1648, na wengi mlinipongeza. Leo naufuta ule ukoo. Kuanzia 1771 kurudi nyuma nilikuwa nimewaandikia wanangu watu wa watu. Naeleza yaliyonikuta kwa sababu najua humu kuna wenzangu wenye waume na wake wa huko, watoto wameanza kuuliza mababu wa upande ule ni akina nani, na wengine wenu mko njiani kutumbukia shimo lile lile.

Upande wangu sina shida. Bibi yangu alikuwa akitaja majina tisa ya ukoo bila kupumua, na wanangu wanayajua kwa moyo. Upande wa baba yao palikuwa na Biblia moja kuukuu ya mama mkwe, yenye majina na tarehe za watoto kuanzia 1839 kwenye karatasi ya mbele. Juu ya hapo kimya.

Kurudi hadi 1837 ni barabara ya lami. Serikali ya Uingereza ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai mwaka ule, vyeti unaagiza na vinakuja. Ukivuka hapo kurudi nyuma huna serikali tena, una kanisa. Kila parokia na daftari lake, kila kasisi na mwandiko wake.

Mtu wangu wa mwisho mwenye uhakika ni Thomas, kibarua wa mashambani. Jina la ukoo naliacha, mama mkwe hapendi litajwe mtandaoni. Cheti cha kifo chake ni cha Februari 1848, umri miaka 77. Sensa ya 1841 imemwandika miaka 70, na kwenye swali la kama kazaliwa kaunti ile ile wamejibu ndiyo. Basi. Mjue pia kwamba sensa ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi namba ya tano-tano, hivyo 70 inaweza kuwa 70 hadi 74. Sensa ya 1851 ndiyo ya kwanza kuuliza mtu kazaliwa parokia gani, na Thomas alikufa miaka mitatu kabla yake. Cheti cha kifo cha Uingereza cha wakati ule hakitaji wazazi wala mahali pa kuzaliwa.

Nikaingia tovuti moja ya koo, nikaandika jina, Yorkshire, 1771. Likaja jibu moja tu: Thomas mwana wa William, kabatizwa 17 Februari 1771, kwenye parokia ambayo humu nitaiita Kinu, maili sita kutoka alikofia Thomas wetu. Umri unakubali, kaunti inakubali. Na chini yake palikuwa na mti mzima uliokwisha kupandwa na watu wengine, William, baba yake William, hadi huko 1648. Nikabofya, nikawabeba wote. Kazi ya dakika kumi.

Miaka miwili baadaye nilisafiri hadi York, kwenye Taasisi ya Borthwick pale chuo kikuu. Ndipo ziliko rejista za parokia nyingi za eneo lile. Nilitaka picha ya mstari wa ubatizo niitie kwenye fremu, zawadi ya mama mkwe. Daftari lenyewe hawakunipa, nilipewa filamu yake. Nikakaa kwenye mashine, nikazungusha kitasa taratibu, nikauona mstari wa Thomas, mwandiko mzuri wa kulala. Nikapiga picha. Halafu, bila kutafuta chochote, nikaendelea kuzungusha hadi kwenye kurasa za maziko.

Machi 10, 1771. Thomas, mwana mchanga wa William.

Siku ishirini na moja. Nilikaa pale mkono ukiwa bado kwenye kitasa. Mtoto yule nilikuwa nimemwoza mke, nimempa watoto saba, nimemwita babu mbele ya wanangu. Kilichonijia kwanza ni mama yake, kuifuata njia ile ile ya kanisani mara mbili ndani ya wiki tatu.

Inaendelea, niko kazini.

---

Chole77

Pole sana dada. Naweka kambi hapa.

---

MzeeMakabrasha

Marahaba binti, na hongera kwa kuufuta. Nimefanya kazi ya nyaraka zaidi ya miaka thelathini, nimeona watu wengi wakiona kosa kama hilo na kulifunika.

Wakati unasubiriwa niwawekee vijana msingi. Rejista hizi zilianza kwa amri ya Septemba 1538, ya Thomas Cromwell, mtu wa mkono wa kulia wa mfalme Henry VIII. Kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko kila wiki, na daftari lifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli mbili. Watu walinung'unika wakidhani ni mtego wa kodi. Mwanzoni wengi waliandika kwenye karatasi, zikaoza. Karibu na mwaka 1598 ikaagizwa zinakiliwe kwenye ngozi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Hizo nakala za askofu msizidharau kamwe. Rejista ikiwa imeliwa na panya au imelowa, nakala inaweza kuwa nzima. Na mara nyingine mbili hizo zinatofautiana, kwa sababu aliyenakili aliruka mstari, au alikumbuka jambo ambalo daftari halina.

Kwa miaka ya 1700 hasa, jueni kwamba kabla ya 1813 hakukuwa na fomu ya ubatizo wala ya maziko. Kasisi aliandika alivyotaka. Mmoja anakupa jina la mtoto na la baba, mama hayupo kabisa kana kwamba hakuwepo siku ya kuzaa. Mwingine anakupa kazi ya baba na shamba wanakoishi. Maziko mengi hayana umri. Kwa hiyo ukimpata mtoto wa jina lako kwenye ubatizo, kazi ya kwanza ni kumtafuta kwenye maziko, miaka mitano ya mwanzo, mstari kwa mstari, kwa macho yako. Tovuti nyingi zina ubatizo kwa wingi lakini maziko ni haba, na hapo ndipo wafu wanapofufuliwa.

---

Chole77

Mzee shikamoo. Nina jambo limenikaa rohoni. Mume wangu ni wa Kent. Nimepata ndoa ya mababu zake Juni 1724, na mtoto wa kwanza kabatizwa tarehe 10 Februari 1724. Yaani mtoto kabla ya ndoa miezi minne. Nimemficha mama mkwe hadi leo. Halafu kwenye tawi lingine, mwaka 1786, nimekuta herufi P pembeni ya kila mtoto. P ni nini?

---

MzeeMakabrasha

Marahaba mama. Mpigie simu mama mkwe leo leo, bibi yule hana doa.

Hadi 1751 mwaka wa Kiingereza kisheria ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, siyo Januari mosi. Kwa hiyo Juni 1724 ilitangulia, ikaja Desemba 1724, ikaja Januari 1724, ikaja Februari 1724, na siku iliyofuata Machi 24, 1724 ndiyo ikawa 1725. Mtoto wako alibatizwa miezi minane baada ya ndoa. Ukiinakili tarehe kama hiyo andika 10 Februari 1724/5, yeyote atakayekuja nyuma yako aelewe.

Mwaka 1751 ulikuwa mfupi, kuanzia Machi 25 hadi Desemba 31. Na 1752 waliruka siku kumi na moja: walilala Jumatano Septemba 2, wakaamka Alhamisi Septemba 14. Kwa hiyo usitafute maziko ya Septemba 8, 1752, hakuna aliyezikwa siku hiyo Uingereza nzima.

Na herufi P: kuanzia Oktoba 1, 1783 serikali ilitoza peni tatu kwa kila mstari wa rejista, ubatizo, ndoa au maziko. Kibarua wa shamba alikuwa akipata kama peni 12 kwa siku, basi peni tatu ni robo ya jasho la siku. Fukara walisamehewa, na mbele ya jina lao ikawekwa P au neno zima la ufukara. Ukiona kijiji kimebatiza watoto lundo Septemba 1783, wengine wanatembea tayari, ujue wazazi waliwahi kabla ya kodi. Ilifutwa 1794. Kwa miaka hiyo kumi na moja kuna watoto hawakupelekwa kabisa, au walipelekwa wakubwa baada ya kodi kuondoka.

---

Chole77

Nimelia hapa ofisini. Miaka mitatu namsema vibaya moyoni bibi wa watu.

---

BintiPangani

Nimerudi. Mzee asante, ya kalenda sikuijua vizuri hivyo.

Niliporudi nyumbani Leeds sikugusa kitu miezi minne. Halafu nikafuta kila mtu juu ya Thomas, nikaanza na kile nilicho nacho mkononi badala ya kile ninachokitaka. Nilikuwa na ndoa yake ya 1796.

Kuhusu ndoa, mwaka wa kushika ni 1754. Sheria ya ndoa iliyoletwa na Lord Hardwicke ilipitishwa 1753, ikaanza kazi 25 Machi 1754. Kuanzia hapo ndoa lazima ifungwe kanisani, baada ya kutangazwa Jumapili tatu au kwa leseni, iandikwe kwenye daftari lake peke yake, na bwana, bibi na mashahidi wawili watie saini. Ukiacha familia ya kifalme, waliosamehewa ni Wayahudi na Wakweka (Quakers, Wakristo waliojitenga na kanisa la serikali). Kabla ya hapo ndoa ilikuwa mstari mmoja mkavu. Baada ya hapo unaona mkono wa babu yako mwenyewe.

Thomas wetu ametia alama ya X. Ni X kubwa, kalamu imekandamizwa hadi wino umesambaa, na karani kaandika pembeni kwamba hiyo ni alama ya Thomas. Mkewe naye X. Jina la baba wa bwana harusi halimo, hilo liliingia 1837. Nilikuwa nimeutazama ukurasa ule mara nyingi na kuufunga.

Mara hii nikawatazama mashahidi. Wa pili ni mwanamume ambaye jina lake lipo kwenye kila ndoa ya ukurasa ule na unaofuata, huyo ni karani wa parokia, alikuwa akisimamia kila mtu. Shahidi wa kwanza ni Ann, mwenye jina la ukoo la Thomas. Na Ann hakuweka X. Kaandika jina lake mwenyewe, herufi zinapanda kama ngazi kwenda juu ya mstari. Kaka hajui kuandika, Ann anajua.

William wa Kinu nilikuwa nimemfuata ubatizo wa watoto wake wote. Hakuwa na Ann.

---

Kaskazi_Baridi

Dada umenishika. Mimi natafuta ndoa ya London kama mwaka 1740, mababu wa mke wangu. Nimepekua parokia waliyoishi na zote za jirani, hakuna. Watoto wapo, wamebatizwa kama wa ndoa kabisa.

---

MzeeMakabrasha

Kaka, tafuta ndoa za Fleet. Fleet ilikuwa jela ya wadaiwa London, na mitaa ya kuizunguka makasisi waliokuwa na madeni walifungisha ndoa kwenye vyumba vya vilabu, bila tangazo, bila leseni, kwa pesa kidogo. Mabaharia, wafanyakazi, wajane, walikwenda kwa maelfu. Ndiyo hasa sheria aliyoitaja BintiPangani ilikuja kuzima. Madaftari yao yapo Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Kew, kundi la RG 7, na yamepigwa picha mtandaoni. Yasome kwa tahadhari, wale makasisi walikuwa wakirudisha tarehe nyuma kwa anayelipa.

---

MwanaWaNchi

Samahani kwa swali, sina nia ya kuharibu uzi. Hivi sisi Waafrika tunahangaika nini na makaburi ya Wazungu? Za kwetu tumemaliza?

---

BintiPangani

Hujaharibu. Baba yangu mzazi aliniuliza hivyo hivyo.

Wanangu wana nusu mbili. Nusu moja niliwapa mimi, kwa mdomo, kama nilivyopewa. Ile nyingine walikuwa wanadhani ni ya watu wa majumba makubwa na magari ya farasi, kwa sababu ndivyo wanavyoiona kwenye televisheni. Nikawaonyesha X ya babu yao. Kibarua, mtoto wa kibarua, asiyejua kuandika jina lake. Rejista hizi uzuri wake ni huo, maskini yumo. Nahodha James Cook, yule aliyezunguka dunia, ukiufungua ubatizo wake wa Novemba 1728 pale Marton, Yorkshire hii hii, ni mstari mmoja tu: James mwana wa James Cook, kibarua wa kutwa. Hakuna aliyemtofautisha na wenzake siku ile.

Mwanangu mkubwa baada ya kuiona ile X aliniomba nimwandikie majina tisa ya bibi yangu, ayaweke karatasi moja na ya baba yake. Hiyo ndiyo sababu yangu, kaka.

---

NyotaYaMchana

Na watu weusi je? Miaka ile walikuwepo Uingereza, wengine wakiwa watumwa. Waliandikwa?

---

MzeeMakabrasha

Waliandikwa, na mara nyingi kasisi aliweka neno la kuonyesha ni mtu mweusi, hivyo wanapatikana. Wa kujulikana zaidi ni Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa na baadaye akaandika kitabu cha maisha yake. Alibatizwa 9 Februari 1759 kanisa la St Margaret, Westminster, kwa jina alilopewa na bwana wake, Gustavus Vassa, na rejista inasema ni mweusi aliyezaliwa Carolina, umri miaka 12. Kwenye kitabu chake cha 1789 mwenyewe anasema alizaliwa Afrika, kwa Waigbo. Wanahistoria wanabishana hadi leo. Mimi nauchukua mstari ule kwa kile ulicho: ni jambo lililosemwa mbele ya karani siku moja, na mtu ambaye hatumjui, kuhusu mtoto aliyekuwa mali ya afisa wa jeshi la maji. Rejista haiapi. Inaandika ilichoambiwa.

Alioa 7 Aprili 1792 pale Soham, Cambridgeshire, na mwanamke wa huko, Susannah Cullen. Binti yao mkubwa, Anna Maria, alifariki 1797 hajatimiza miaka minne, na kibao chake kipo ukutani nje ya kanisa la St Andrew, Chesterton. Ukipita Cambridge nenda kamsalimie.

---

NyotaYaMchana

Nitakwenda. Asante mzee.

---

Chole77

BintiPangani, Ann alitoka wapi? Usituache hapa.

---

BintiPangani

Nilikuwa napikia watoto.

Kabla ya Ann kuna karatasi nyingine. Uingereza ya wakati ule kila parokia ililisha maskini wake kwa kodi ya wenyeji, na tangu sheria ya 1662 haikutaka kulisha wa jirani. Ukihamia na ukaonekana unaelekea kuomba msaada, unapelekwa mbele ya mahakimu wawili wa amani, unahojiwa chini ya kiapo: umezaliwa wapi, baba yako alikuwa na haki ya makazi wapi, umetumikia wapi, umelipa kodi gani ya nyumba. Jibu lako ndilo linaamua kama unabaki au unarudishwa kwenu na mkeo na wanao. Ni kitu kikatili ukikifikiria. Lakini kwa mtafuta ukoo ndiyo karatasi pekee ambayo babu kibarua anasimulia maisha yake mwenyewe.

Karatasi hizo hazimo kwenye rejista, zilikaa kwenye sanduku la parokia pamoja na hesabu za waangalizi wa maskini. Tovuti niliyoitumia haikuwa nazo. Niliuliza dirishani, nikaletewa bahasha ya parokia alikooa Thomas, ndani vipande kama arobaini. Cha kumi na tisa kilikuwa chake.

Machi 1803. Thomas, kibarua, umri kama miaka 32, anaapa kwamba alizaliwa parokia ambayo nitaiita Daraja, baba yake John alikuwa na haki ya makazi pale. Kwamba akiwa na miaka 13 hivi aliajiriwa na mkulima kwa mwaka mzima, kutoka sikukuu ya Martinmas hadi Martinmas. Huko kaskazini vijana wa mashamba waliajiriwa Novemba, wanasimama sokoni na wakulima wanawachagua. Anataja mashamba manne na mshahara wa kila moja. La mwisho liko parokia ile ile alikooa, alitumikia mwaka kamili akiwa kijana asiye na mke, na sheria ilisema hilo linampa haki. Wakamwacha abaki. Chini, X ile ile, imekandamizwa vile vile.

Nilimpigia mume wangu nikiwa kwenye korido. Sikuweza kusema vizuri. Nilimwambia tu, "Baba yake anaitwa John."

Daraja iko maili kumi na moja kutoka Kinu. Kwa nini tovuti haikunionyesha? Jina la ukoo lina s mbili, na waandishi wa zamani s ya kwanza waliichora ndefu, ikafanana na f. Jesse unaweza kulisoma Jefse. Aliyenakili aliweka f, na mashine ikamficha Thomas wangu. Nilipoisoma filamu ya Daraja kwa macho, nilimkuta ndani ya saa moja: amebatizwa 18 Novemba 1770, Thomas mwana wa John, kibarua. Nikasoma maziko ya Daraja yote hadi 1796, ndoa yake. Hakuna Thomas wa jina hilo aliyezikwa. Hapo ndipo nilipompa watoto wake saba.

Na Ann. Palikuwa na kasisi Yorkshire aliyeitwa William Dade, alihudumu parokia kadhaa za mji wa York na nyingine za Holderness, upande wa pwani ya mashariki, akafariki 1790. Yeye aliona rejista za mstari mmoja ni dhulma kwa watakaokuja. Akabuni safu zake: mtoto ni wa ngapi, baba na kazi yake, baba wa baba na kazi yake na anakoishi, mama na wazazi wake, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo. Maziko yanataja umri na hata ugonjwa. Mwaka 1777 Askofu Mkuu William Markham akautaka mfumo huo dayosisi nzima ya York. Makasisi wa miji yenye watu wengi walilalamika kazi ni kubwa, wengine hawakufuata, na 1813 fomu za serikali zikaumaliza. Lakini kasisi wa Daraja alifuata.

Thomas alizaliwa mapema mno kuufaidi. Ann alizaliwa 1779. Aprili 2 kazaliwa, Aprili 11 kabatizwa. Binti wa tatu wa John, kibarua, ambaye ni mwana wa Thomas, mfumaji; na wa Mary, ambaye ni binti wa Robert, seremala, na mkewe Hannah. Kila mmoja na parokia yake imetajwa. Vizazi vitatu kwenye mstari mmoja, kwa mkono wa mtu aliyewaona kwa macho.

Kwa hiyo yeyote mwenye ukoo kati ya York na pwani ile, babu yako akiwa na mstari mkavu, tafuta ubatizo wa wadogo zake wa baada ya 1777. Mimi nilifunguliwa mlango na binti wa miaka 17 aliyesimama shahidi kwenye harusi ya kaka yake.

---

Kaskazi_Baridi

Hii nimeisoma mara mbili. Swali la mtu wa mfuko mdogo: gharama? Na nikiwa Mwanza, siwezi kwenda York.

---

BintiPangani

FamilySearch ni bure, unajisajili tu, na picha nyingi za rejista unazifungua nyumbani. FreeREG nayo ni bure, watu wa kujitolea wananakili ubatizo, ndoa na maziko, na kwa baadhi ya parokia maziko yao ni mazuri kuliko ya tovuti za kulipia. Ofisi za nyaraka za kaunti unaziandikia barua pepe, nyingine zinatafuta kwa malipo ya saa. Taja parokia na miaka michache, usiwaambie "nitafutieni ukoo wangu".

Na kama familia haimo kabisa kwenye kanisa la parokia, huenda ni Wabaptisti, Wakweka au Wakongregasho. Madaftari yao mengi yalikabidhiwa serikalini na yapo Kew, RG 4, na Wakweka RG 6.

---

Chole77

Mama mkwe nimempigia. Amenyamaza kidogo kisha akasema, "Nilijua tu." Dada, na yule mtoto wa Kinu umemfanyaje? Umemfuta?

---

BintiPangani

Sikumfuta. Nimemtenga kwenye faili lake, yeye na William na mama yake, ambaye kasisi hakumwandika jina. Wenye mti ule wa 1648 niliwatumia picha mbili, ya ubatizo na ya maziko. Wengi wamenyamaza. Mmoja amejibu jana kutoka Kanada, amemtoa Thomas, na anauliza sasa wake ni yupi.

Mimi nimebaki na Thomas mfumaji, babu wa Ann. Kwa hesabu yangu alizaliwa kati ya 1705 na 1715, na rejista ya parokia yake ya miaka ile ni ya Kilatini. Narudi York Alhamisi. Mzee Makabrasha, nitaweza?

---

MzeeMakabrasha

Utaweza. Kilatini cha makasisi ni maneno ishirini yanayorudiwa. Majina ndiyo hupoteza watu: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Johannes ni John. Wako ni Thomas, na Thomas kwa Kilatini ni Thomas, hapo umepona. Filius ni mwana wa, filia ni binti wa, baptizatus amebatizwa, uxor ni mke, textor ni mfumaji, kwa hiyo baba yake akiwa mfumaji pia utamwona.

Na sepultus ni amezikwa. Anza na kurasa hizo.